Mdomo Ulionisaliti Golini

Kama umeambiwa una kifua, kaa kwanza. Usilale, kaa. Kulala utalala sana huko mbele, mpaka mgongo uombe talaka. Mie nililazwa mwisho wa masika, na masika mengine yakanikuta palepale, na hakuna aliyenieleza haya ninayotaka kukueleza wewe. Daktari alinieleza mambo ya mapafu. Mchungaji alinieleza mambo ya mbinguni. Katikati ya mapafu na mbinguni kuna mambo mengi, na huko ndiko nilikokaa.

Jina langu Mihayo. Kwa Kinyamwezi maana yake ni maneno, na baba husema walikosea kunipa jina hilo kwa sababu nimeyachukua yote, ndugu zangu hawakubakiziwa kitu. Kibwana yeye aliniita Miayo. Tangu siku ya kwanza tulipoonana, kila nikipita alikuwa anapanua kinywa na kupiga miayo mirefu mpaka machozi yanamtoka, halafu anawaambia watu, "Samahani, nilikuwa namwita mwenzangu."

Kibwana alikuwa Mzaramo wa Mtoni, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Kama kwenu hakuna utani, nitakueleza kwa kifupi. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mama yako, akala chakula chako, akavaa kofia yako na kuondoka nayo, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umeshindwa. Wazee wanasema ni mambo ya zamani za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani, wakipita katika mashamba ya Wazaramo. Ndiyo sababu Kibwana hakuniuliza habari kama watu wengine. Alikuwa anauliza, "Mpagazi, leo umebeba nini?"

"Nimebeba akili. Leta chombo nikumiminie kidogo."

"Cha kwangu kimejaa. Mpelekee baba yako."

Baba hakuupenda utani. Ni karani wa reli, mzee wa kanisa, anafunga tai hata siku za joto la kaskazi, na kwake mambo ya utani ni ushenzi wa watu ambao hawakupata shule. Nyumbani kwetu Temeke, Kibwana alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma, anamwamkia mama shikamoo, anafunua chungu, anachota, anatoka. Mama alikuwa anacheka. Baba alikuwa anakunja gazeti.

Jioni tulicheza mpira Mtoni, kwenye kiwanja cha mchanga kando ya barabara ya Kilwa, nyuma ya mikorosho. Temeke kwa Mtoni. Mie nilikuwa golikipa wa Temeke kwa sababu mbili: sipendi kukimbia, na golini mtu ana nafasi ya kusema. Nilikuwa nawasema mafowadi wa Mtoni, nasema kaptula zao, nasema ng'ombe wa bibi zao, mpaka miguu inawapotea wanapiga korosho. Kwa Kibwana maneno hayakufanya kazi. Alikuwa na mguu wa kushoto, na kaptula aliyoifunga kwa kamba ya katani, na kabla ya kupiga penalti lazima aifunge upya ile kamba, taratibu, kama ana siku nzima. Halafu ananitazama. Halafu anausukuma mpira kidogo tu, bila nguvu, kama mtu anayepita mlango wa kwao, na mie nimeshalala upande wa pili nakula mchanga.

Sikudaka penalti yake hata moja. Tangu tuna kimo cha mbuzi mpaka tunaota ndevu, hata moja.

"Siku ukidaka," aliniambia mbele ya timu zote mbili, "nitakubeba mgongoni kutoka hapa mpaka mlangoni kwenu. Mpagazi abebwe na Mzaramo, wazee wote watoke waone."

Basi mwisho wa masika ule nilikuwa nakohoa. Mama alikuwa ananifukiza majani, na asubuhi shuka langu ulikuwa unaweza kulikamua. Mie nilikuwa naufanyia ugonjwa mzaha. Nilimwambia mama nimeamua kufua nguo nikiwa ndani yake. Siku hiyo kiwanja kilikuwa bado na madimbwi. Kibwana akasema neno juu ya miguu yangu, kwamba Mungu aliifinyanga mchana wa Ramadhani, ana haraka ya kufuturu. Nikacheka. Nikacheka mpaka nikakohoa, nikainama, na kwenye mchanga likaanguka doa jekundu.

Wote tulilitazama. Kibwana akalifukia kwa kisigino, harakaharaka, kama paka.

"Huyu amekula nyanya za watu," akasema.

Wenzetu wakacheka, mchezo ukaendelea. Yeye hakucheka. Alinisindikiza mpaka Temeke bila kunitukana njia nzima, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

*

Sasa benchi. Utakaa kwenye benchi kuliko mahali popote duniani. Utasubiri kadi, utasubiri picha ya kifua, utasubiri mtu mwenye ufunguo wa chumba cha picha, ambaye amekwenda kunywa chai. Nakushauri usitazame nyuso. Kila anayekohoa pale anakutazama ajue kama wewe ni mbaya kumzidi yeye. Tazama miguu. Mie nilikuwa namwambia mama, "Huyu wa makubadhi ni mwizi wa kuku, tazama kisigino kilivyo tayari kukimbia," na mama ananifinya na huku mabega yanamcheza. Ndivyo tulivyofika zamu yetu.

Walinipa kitanda siku ileile. Wodi yenyewe ni ndefu, madirisha hayafungwi masika wala kipupwe, na kila kitanda kina kopo lenye kifuniko. Kopo hilo ni lako, usiazime wala usiazimwe. Mkubwa wa wodi, kwetu sie tuliolala, hakuwa daktari. Alikuwa Mzee Athumani, dresa, yaani msaidizi wa daktari, mtu wa makamo mwenye sauti kama mlango unaotaka mafuta. Alisimama miguuni kwangu siku ya kwanza akanisomea sheria: kutema ndani ya kopo, kulala mchana kwa lazima, dawa isitupwe dirishani kwa kuwa kuku wamekwisha nenepa. Na ya mwisho.

"Hapa kucheka marufuku. Ukicheka utakohoa, ukikohoa utatapika damu, ukitapika damu mie ndiye nitakayefuta. Anayetaka kucheka acheke rohoni."

Msomaji wangu, wewe fikiri. Mie.

Sindano ni kila asubuhi, kulia leo, kushoto kesho, mpaka unakaa kama mtu aliyekalia mche wa mchongoma. Dawa ya unga ni chungu na inarudi. Imeze juu ya uji ambao haujapoa, na usiinuke. Baada ya wiki nyingi masikio yangu yakaanza kulia, kama kuna nzi amefungiwa humo ndani, na nikisimama sakafu inanikimbia upande wa kulia. Nikitoka kwenda chooni nilikuwa nashika vitanda vya watu. Mzee mmoja wa Ubungo akaniuliza tembo la mnazi nalipata wapi na yeye aletewe.

Mwili nao una mambo yake. Siku moja niliona kwenye kioo cha dirisha mtoto mwembamba ana shingo ya kuku, nikamwonea huruma, kumbe ndiye mie.

Mama alikuja kila alipopata nafasi, na uji katika birika. Nyumbani alikuwa amekitia kikombe changu doa la rangi nyekundu ili wengine wasikitumie. Dresa ndiye aliyemwambia, na ilikuwa haki, lakini alinieleza huku anatazama ukuta. Majirani walikuwa wamewakataza watoto wao kucheza na mdogo wangu, Kalunde. Baba naye alikuja Jumapili baada ya kanisa, na hakuingia ndani. Alisimama nje ya dirisha na kofia yake, ameshika nondo ya dirisha kwa kitambaa cha mfukoni. Ananiuliza kama nasoma vitabu vyangu. Namjibu ndiyo, baba. Ananiuliza kama nasali. Namjibu ndiyo, baba. Halafu tunatazama kile kitambaa sote wawili.

Usimchukie mtu wa namna hiyo. Mie nilimchukia, na nilikuwa sina kazi nyingine, kwa hiyo nilimchukia vizuri. Lakini alikuwa anakuja. Alikuwa anatembea kutoka kanisani, juani, aje asimame dirishani.

Aliyeketi kitandani kwangu alikuwa mmoja tu. Kila Ijumaa akitoka msikitini, Kibwana alikuwa anaingia, anajibwaga juu ya miguu yangu, anafunua uji wangu, anakunywa. Mzee Athumani akimfukuza anajibu, "Huyu mtumwa wetu, nimekuja kumkagua." Alinipa habari za kiwanjani. Temeke walikuwa wameweka golikipa mpya, kimya kama kaburi, na anadaka.

"Anadaka hata za kwako?"

"Za kwangu hadaki. Lakini hanifurahishi."

Naye alikuwa anakohoa. Nilikuwa namsikia akikoholea nje kabla ya kuingia, anamaliza kabisa, halafu ndiyo anaingia. Nilijiambia ni vumbi.

*

Vuli ilipoanza, alikuja si Ijumaa, na mkeka kwapani, na mama yake nyuma. Kitanda cha jirani yangu kilikuwa wazi tangu jana yake, usiniulize kwa nini. Akatupa mkeka pale.

"Sogea, mpagazi. Wenye mji tumefika."

Nilidhani ni utani. Nilicheka kweli, mpaka nilipomwona mama yake. Mama Kibwana hakuniitikia shikamoo yangu. Alinitazama jinsi mama anavyomtazama mbwa aliyemng'ata mwanawe, na nikaelewa. Mimi ndiye niliyelala kwanza. Uji wangu ndio aliokuwa akija kuunywa. Nani mwingine amempa?

Siku ya pili picha zilitoka. Kibwana akasubiri mpaka mama yake ameingia na chakula, na Mzee Athumani yupo, na wodi nzima imeamka, ndipo akatangaza kama mpiga mbiu.

"Daktari anasema cha kwangu cha zamani. Kina makovu ya miaka. Cha huyu Mnyamwezi ni cha juzi, bado kichanga." Akanigeukia. "Miayo, mie ndiye mkubwa wako hapa. Niamkie."

Nikamtazama. Nikakumbuka kile kisigino kilivyofukia doa langu harakaharaka, kama kimezoea kufukia.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Usijali, nitakufundisha."

Mama yake akakaa chini pale sakafuni, akashika miguu ya kitanda changu, akalia. Halafu akanipakulia samaki. Tangu siku hiyo alikuwa analeta sahani mbili.

Daktari alisema pia neno jingine, ambalo Kibwana hakulitangaza. Kwamba amechelewa. Kwamba watajaribu. Mzee Athumani ndiye aliyeniambia, wakati ananipiga sindano, na mpaka leo sijui kama yale machozi yangu yalikuwa ya habari au ya sindano.

Miezi ile ya kaskazi, pamoja na joto lake, ilikuwa mizuri. Nashangaa kuandika hivyo lakini ndiyo kweli. Tuliviringisha mpira kwa bendeji chakavu, na saa za kulala kwa lazima tulikuwa tunapigiana penalti barazani, goli ni miguu ya benchi. Yeye anapiga ameketi. Mie nadaka nimepiga magoti. Hakunikosa. Wodi nzima ilikuwa inatazama, watu wazima na makopo yao mkononi, wanacheka rohoni kama sheria ilivyosema, vitanda vinatikisika.

Jumapili baba akifika dirishani, Kibwana alikuwa anamwamkia kwanza kwa adabu kabisa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mpagazi mkubwa, leo umetubebea nini?"

Baba hakujibu. Jumapili baada ya Jumapili, hakujibu. Kisha siku moja akatoa machungwa mawili mfukoni. Akanipa moja kupitia nondo. La pili akalishika kidogo, akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuiba, akamrushia Kibwana.

"Kula, Mzaramo," akasema, "usije ukafa njaa ukatusingizia."

Mzee wa kanisa, na tai yake. Kibwana alifurahi kupita kiasi, akakohoa mpaka Mzee Athumani akaja mbio. Baba akaondoka haraka. Lakini kitambaa alikisahau pale dirishani.

Sindano zilikuwa zilezile, dawa ileile, uji uleule. Mie nikaanza kunenepa. Mashavu yakarudi, makohozi yakawa meupe, daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yeye akawa anaisha. Ile kamba ya katani alikuwa anaizungusha kiunoni mara mbili, halafu mara tatu. Hili hutaambiwa na mtu, kwa hiyo nakwambia mie: utaona haya kupona. Utaficha chakula unachokimaliza. Utakohoa kwa makusudi ili usionekane mzima. Kibwana alinikamata nikifanya hivyo.

"Acha kunikohoa," akasema. "Unakohoa vibaya, unanitia aibu. Mie nimekufundisha."

Utani wote ukaniisha. Nafungua kinywa, nakosa kitu. Yeye akiniita mpagazi naitikia tu, "Naam." Akanuna kwa hilo kuliko alivyonuna kwa ugonjwa, na siku moja, mawingu ya masika yameanza kukaa juu ya paa, akanivuta shati.

"Sikia. Nikifa, mtani wangu nani?"

"Nyamaza."

"Nakuuliza. Mazishi ya kwetu mtani lazima awepo. Azuie jeneza, aniige, aniseme. Watu wakilia tu toka asubuhi mpaka jioni mama yangu atafia palepale. Nani atamchekesha?"

"Wapo Wanyamwezi wengi Mtoni."

"Hao hawanijui. Wataniiga vibaya." Akapumzika kwanza. Maneno sasa alikuwa anayanunua kwa pumzi. "Unizuie wewe. Mlangoni kwetu. Usimame kama golini. Nataka nikufunge la mwisho."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia kinywa changu kimekauka, hakina kitu, atanifanya nisimame mbele ya watu nilie kama mtoto na nimharibie mazishi. Akanitazama kama anavyonitazama kabla ya penalti, halafu akacheka, rohoni, macho tu.

"Basi nikupe siri. Unajua kwa nini hujanidaka?"

"Una bahati."

"Sitazami mpira. Sitazami miguu yako. Natazama mdomo. Ukitaka kuruka kulia, mdomo unapinda kulia kwanza. Unanicheka kabla hujaruka, unadhani umeniweza. Mdomo wako ndio unaonionyesha njia, Miayo. Miaka yote."

Nikaushika mdomo kwa mkono. Akasema, "Ndiyo, huohuo."

*

Nimeruka kidogo, niseme hili kabla sijasahau, kwa sababu ni la furaha na pengine unalihitaji sasa. Siku niliyoruhusiwa kurudi nyumbani, baadaye sana, nilikuta rafuni vikombe vyote vina doa jekundu. Vyote, hata cha baba, hata kile cha wageni chenye maua. Kalunde alikuwa amepata rangi ya mama akafanya kazi yake. Nikamuuliza cha kwangu kipi. Akasema, "Sijui. Chukua chochote." Daktari alikuwa amekwisha sema sina tena cha kumpa mtu, basi nikachukua chochote.

Narudi sasa.

Kibwana alikufa asubuhi, wakati mie nimepanga foleni ya sindano. Niliporudi walikuwa wameshamfunika, na Mzee Athumani anakunja ule mkeka, anaukunja na kuukunjua na kuukunja tena. Atazikwa leo leo, alasiri, Mtoni. Nikamwambia lazima niende. Akasema mgonjwa hatoki bila ruhusa ya daktari, halafu akanishika mkono akanipeleka kwa daktari mwenyewe.

Daktari Mzungu alikuwa anaandika. Kiswahili chake kilikuwa cha kuulizia maumivu tu. "Ndugu?" akauliza.

"Si ndugu, bwana," akasema Mzee Athumani. "Mtani."

"Mtani nini?"

Mzee Athumani akafikiri. Namwona mpaka sasa, mtu aliyefuta damu zetu mwaka mzima, anatafuta neno.

"Bwana, ni mtu anayekuja kukutukana ukifa."

Daktari akaweka kalamu. Akatutazama mmojammoja. Sijui aliona nini usoni kwangu. Akaichukua kalamu tena, akatia sahihi.

Nje alikuwa amesimama baba, na baiskeli. Habari zilikuwa zimefika ofisini kwake. Nikajua atanikataza, na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yote, na niliposimama mbele yake yakanipotea yote isipokuwa, "Baba, nimeahidi."

Baba alikuwa ameshavua tai. Hicho ndicho nilichokiona kwanza.

"Panda," akasema.

Nikapanda nyuma. Njia nzima ile, mchanga mbichi, mlima wa daraja, nilimsikia akihema, nikamwambia niteremke, mie mzito siku hizi.

"Kaa. Kwetu wamebeba vizito zaidi."

Tulikuta wamekwisha mswalia. Jeneza lilikuwa uani, juu lina kanga, wanawake wamejaa barazani, na Mama Kibwana katikati yao halii tena, amekauka, anatazama tu. Hiyo ndiyo hali aliyoiogopa mwanawe. Wanaume wakainua. Mjomba wake akauliza kwa sauti, "Mtani yuko wapi? Huyu mtoto anaondoka bila mtani?"

Ardhi ikanikimbia upande wa kulia kama kawaida, nikamshika baba. Kinywa changu kilikuwa kikavu kama dawa ya unga. Yule mama akageuza macho, anatafuta mtu.

"Yupo," akasema baba, nyuma yangu, kwa sauti ya kanisani. Akanisukuma.

Ua wao ulikuwa wa makuti, na pa kutokea palikuwa na nguzo mbili. Katikati yake upana kama goli letu, pengine zaidi kidogo. Nikaenda nikasimama pale, nikatanua mikono.

"Hapiti mtu," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kuku.

"Tupishe, mtani," akasema mjomba. "Unataka nini? Sema tukupe."

"Sitaki kitu chenu. Huyo mnayembeba ni mwongo. Aliahidi mbele ya timu mbili kwamba siku nikidaka penalti yake atanibeba mgongoni mpaka Temeke. Ameona nimenenepa, ameona nitadaka, ndiyo anajifanya amekufa."

Mtu mmoja akacheka puani. Nikasikia mwili wangu unakumbuka kazi yake.

"Nimelala naye wodini. Anakoroma kama trela la mkonge. Kanywa uji wangu mwaka mzima, na leo anapita hapa amelala, anabebwa. Na nani? Na wenye mji. Wazaramo mmekuwa wapagazi tangu lini?"

Barazani wakaanza. Nikachukua kipande cha kamba ya makuti kilichoning'inia uani, nikajifunga kiunoni, taratibu, kama nina siku nzima. Nikafungua. Nikafunga tena. Nikainua macho nikawatazama kama alivyokuwa akinitazama. Hapo Mama Kibwana akapiga paja.

"Ndiye huyo," akasema. "Ndiye huyo mwanangu, alikuwa hivyohivyo." Akaanguka juu ya jirani yake, anacheka na machozi yanamwagika, na wote barazani wakacheka naye, na kilio kikapata njia ndani ya kicheko.

"Basi na apige," nikasema. "Akinifunga, mpitisheni. Nikidaka, ateremke anibebe."

Wabebaji wakaelewa. Wawili wa mbele walikuwa mafowadi wa Mtoni, watu niliowasema kaptula zao. Wakasogea, wakasita, wakayumba kidogo huku na huku na jeneza lao, wananitazama. Wananitazama mdomo. Sijui kama na wao alikuwa amewaambia.

Nilikuwa najua siri. Nilikuwa nimekaa nayo siku nyingi, nimejizoeza kwenye kioo cha dirisha kuufunga mdomo kama bahasha. Ningeweza kuufunga. Ukapinda wenyewe kulia. Nikauacha upinde, nikaruka kulia, kwa nguvu zote za yale mapafu mapya, nikala mchanga mbichi wa Mtoni. Na Kibwana akapita kushoto, polepole, bila haraka, kama anayepita mlango wa kwao.

Nilicheka pale chini. Nilicheka mpaka nikakohoa, mara nyingi, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kitambaa. Kilikuwa kile cha baba. Nikakitazama. Kilikuwa na mchanga tu.

Baba akainama, akanishika mkono kwa mkono wake mtupu, akaninyanyua, akanikung'uta magoti kama mtoto.

"Umeruka siko," akaniambia.

"Najua, baba."